Uzi: Askari akirudi Hulugho, anarudi kwa nini?

Kila kampeni utasikia "tuwaenzi wanajeshi wetu." Sawa, lakini wacha tuanze na historia.

1945, vita vimeisha. Askari Waafrika wa King's African Rifles wanarudi kutoka Burma. Bakshishi ya vita ikahesabiwa kwa rangi: askari wa kawaida mzungu shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, Mwafrika shilingi 3 na senti 50. Na si pesa tu. Wazungu waliotoka vitani walipewa mashamba kwenye nyanda za juu, Mwafrika akarudishwa rizavu. Baadhi yao baadaye waliingia msituni na Mau Mau, na mimi sishangai.

Ruka hadi Oktoba 2011, KDF inavuka kuingia Somalia. El Adde, Januari 2016. Kulbiyow, Januari 2017, na hiyo iko ng'ambo tu ya mpaka ukitokea Hulugho.

2022 tukapata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Nzuri kwa karatasi. Lakini kijana wa Hulugho aliyerudi na mguu mbovu, au usingizi umemkataa, hospitali ya rufaa iko Garissa mjini, makao makuu ya jeshi Nairobi, na mvua ikinyesha barabara ni matope.

Kuna lingine halisemwi jukwaani: huku mpakani Al-Shabaab huwawinda watu wa serikali. Mstaafu hajitangazi ovyo. Ukimpangia foleni ya hadharani ndio apate haki yake, hatakuja.

Kwa hivyo mgombea akianza "mashujaa wetu," mwulizeni daktari atamfikiaje huyu bila kumwanika.