Sensa na Hati za Ardhi katika Nasaba za Wamarekani wa Awali

Sensa ya kwanza ya Marekani ilianza tarehe 2 Agosti 1790, ikahesabu watu wapatao milioni 3.9. Karani aliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mke, watoto na vibarua waliingia kama tarakimu, na watumwa vivyo hivyo. Hali hiyo ilidumu hadi sensa ya 1840. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa jina, umri na mahali alipozaliwa. Watumwa waliorodheshwa chini ya majina ya waliowamiliki, karibu wote bila majina yao wenyewe, kwa hiyo wazao wao wengi huyakuta majina ya wazee wao kwa mara ya kwanza katika sensa ya 1870.

Daftari nyingine zimepotea kabisa. Za Virginia za 1790 hazipo, na sehemu kubwa ya sensa ya 1890 iliharibika baada ya moto wa 1921 mjini Washington.

Mapengo hayo huzibwa na kumbukumbu za ardhi. Huko Virginia, tangu 1618, aliyelipia nauli ya mhamiaji alistahili ekari 50 kwa kila mtu aliyemleta, na majina ya walioletwa yakaandikwa. Hati za mauzo zilinakiliwa katika daftari za kaunti. Humo hutajwa muuzaji, mnunuzi, mashahidi, majirani waliopakana na ardhi iliyouzwa, na mara nyingi mke aliyeachia haki yake ya ujane juu ya shamba.

Katika makoloni ya zamani mpaka ulielezwa kwa miti na vijito. Kuanzia 1785, ardhi ya serikali kuu iligawanywa kwa miraba ya maili sita kila upande, yenye vipande 36 vya ekari 640. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 baada ya kuishi na kulima hapo miaka mitano. Jalada lake hueleza nyumba, mazao na familia.

Utafiti huanzia sensa za karibuni kurudi nyuma, huku mipaka ya zamani ikizingatiwa: Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792. Wanaume wawili wenye jina moja katika kaunti moja hutenganishwa kwa shamba, mke na majirani. Jina pekee halithibitishi nasaba. Uthibitisho hupatikana sensa na hati zinapokubaliana.