Mlimani na historia ya kitanda

Mwanafunzi mgeni anayeripoti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haulizwi kwanza anasoma nini. Anaulizwa: umepata chumba?

Chuo kilipofunguliwa Oktoba 1961, swali hilo lisingekuwa na maana. Wanafunzi wa sheria, hawafiki hata ishirini, walisomea kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 wakahamia kampasi ya Mlimani, na huko bweni na chakula vilikuwa juu ya serikali. Dar ikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chumba cha jirani angeweza kuwamo Mkenya au Mganda. Yoweri Museveni, baadaye Rais wa Uganda, ni miongoni mwa waliopita hapo. Mwanafunzi alijiona ana kwao.

Lakini mwenye nyumba alikuwa serikali, na hakuchelewa kuwakumbusha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere alikasirika, akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe, kisha akawafukuza karibu 400 na kuwarudisha makwao.

Wanafunzi nao walikuwa na namna yao ya kuamua nani ni mwenzao. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na Mzee Punch, mwandishi asiyejulikana aliyebandika michoro na matusi ukutani usiku. Wapo wanaomkumbuka kwa kicheko. Mimi siwezi. Wasichana ndio waliosulubiwa zaidi, na mapema mwaka 1990 mmoja wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa. Punch akapigwa marufuku. Ulezi wa wanafunzi ulikuwa umeshindwa mahali pa wazi kabisa, ukutani, ambapo kila mtu alisoma.

Miaka hiyohiyo ya tisini sera ya kuchangia gharama iliingia, udahili ukapanda, vitanda vikabaki vilevile. Hapo ndipo kubebana kuliposhamiri. Aliyepata chumba anamwingiza rafiki, au mtoto wa kijijini kwao aliyekuja na begi na barua ya udahili tu. Kitanda chembamba, watu wawili, wanalala mzungu wa nne, miguu ya mmoja usoni kwa mwingine. Godoro la ziada linasukumwa uvunguni asubuhi, maana msimamizi wa bweni anaweza kupita. Kwa kanuni ni kosa. Kwa kweli wengi walimaliza digrii kwa kosa hilo, na nathubutu kusema kubebana kumewalea wanafunzi kuliko ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo msimu wa kufungua chuo ilizidiwa na foleni ya waomba vyumba.

Hosteli za Mabibo zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, mbali kidogo na madarasa. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005, na bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likawa ndilo la kulipia kitanda, chakula na fotokopi, likichelewa linazua mgomo. Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua majengo 20 ya hosteli yenye nafasi 3,840. Foleni ikapungua, haikwisha. Wanaokosa wanapanga Changanyikeni, Msewe au Sinza, watatu chumba kimoja, na jioni wanawahi daladala kabla mjadala wa kikundi haujaisha.