Sikukuu Ilipokwisha

Tumezoea kuikumbuka Pentekoste kwa habari ya upepo na ndimi za moto, kisha twafunga Biblia. Leo tuangalie yaliyofuata.

Pentekoste ilikuwa sikukuu ya Wayahudi, siku ya 50 baada ya Pasaka. Wageni walijaa Yerusalemu kutoka Misri, Rumi, Krete na Arabuni. Siku hiyo walibatizwa watu wapata 3,000, na bila shaka wamo wageni wenye masurufu ya siku chache tu. Wangekula nini? Luka aeleza kwamba wenye mali waliuza, wakagawiwa wote kwa kadiri ya haja zao, wakimega mkate nyumba kwa nyumba.

Wala tusidhani hapakuwa na matata. Baadaye wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, yakatokea manung'uniko. Mitume hawakuwanyamazisha. Wakachaguliwa watu 7, na wote majina yao ni ya Kiyunani! Yaani kapu la chakula lilikabidhiwa upande ule ule uliolalamika. Ni kamati ngapi zingethubutu?

Stefano, mmoja wao, alipouawa, waamini walitawanyika. Wengine wakafika Antiokia, wakawahubiri hata wasio Wayahudi. Kisha ikaja njaa, zamani za Kaisari Klaudio, aliyetawala mwaka 41 hadi 54. Josephus naye aitaja: Helena, malkia wa Adiabene, aliwanunulia watu wa Yerusalemu nafaka kutoka Aleksandria na tini kutoka Kipro. Nao Wakristo wa Antiokia wakachanga, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakawapa Barnaba na Sauli wapeleke.