NENO "KUDOJI": MAANA YAKE, MATUMIZI YAKE, NA NANI HASA ANAYEDOJI TARIME NA SERENGETI

Haya wadau, leo tunaliweka mezani neno moja ambalo kila aliyepita sekondari analijua: KUDOJI. Limetoka kwenye Kiingereza, dodge, na huku kwetu halina mwenyewe. Mwanafunzi kadoji kipindi cha hesabu, fundi kadoji simu ya mteja, mdaiwa kadoji duka la Mangi. Tatizo ni kwamba neno hili moja limebebeshwa mizigo mingi mno, na mingine hailingani kabisa. Twende nalo taratibu, maana kuna mahali ukilikosea unamuumiza mtu.

1. KWA WENYE LUGHA YAO

Maana ya kwanza ya dodge ni ya mwili tu: kusogea ghafla ili kitu kisikupate. Jiwe linakuja, unainama. Ngumi inakuja, unarudi nyuma. Ndio maana kuna timu ya besiboli Marekani inaitwa Dodgers. Jina lilianzia Brooklyn, New York, miaka ya 1890, wakati watu wa huko walipokuwa wanaruka huku na huku barabarani kukwepa tramu za umeme. Timu ikahamia Los Angeles mwaka 1958, jina likabaki.

Maana ya pili ni ya ujanja: kukwepa kwa hila jambo unalotakiwa kulifanya. Kwenye riwaya ya Charles Dickens, Oliver Twist, iliyotoka kati ya 1837 na 1839, kuna dogo mwizi wa mifukoni anayeitwa Artful Dodger. Hapo sasa neno linaanza kunuka. Na kitu dodgy ni kitu cha mashaka, kama ile simu unayouziwa stendi bila boksi wala risiti.

Wale wa magari, msichanganye. Gari aina ya Dodge halina uhusiano na kukwepa. Ni jina la ukoo la ndugu wawili, John na Horace Dodge, waliotoa gari lao la kwanza mwaka 1914. Na wale wa Photoshop, kile kifaa cha dodge kinaongeza mwanga kwenye picha. Kimerithiwa kutoka chumba cha giza cha wapiga picha wa zamani: fundi alikuwa anaikinga sehemu ya picha isipate mwanga mwingi, na sehemu hiyo inatoka nyeupe zaidi.

Halafu kuna "draft dodger", mtu anayekwepa kuandikishwa jeshini. Muhammad Ali aliitwa hivyo sana. Lakini tazama alichofanya: tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, alisimama mbele ya maofisa na kukataa waziwazi kuapishwa. Hakujificha popote. Akanyang'anywa ubingwa, akahukumiwa, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo. Sasa mtu anayekataa mchana kweupe ni mdojaji wa nini? Hapo utaona kwamba neno hili mara nyingi halielezi tendo, linamhukumu mtendaji.

2. KISWAHILI KINAGAWA VIZURI ZAIDI

Kwanza sarufi kidogo. Kudoji ni neno la kuazima, kwa hiyo mwisho wake haubadiliki: anadoji, hadoji, asidoji. Hakuna "hadoja". Ni kama kufeli na kuripoti. Lakini Kiswahili kina vitenzi vyake kibao, na kila kimoja kina kazi yake:

KUKWEPA: kusogea kitu kisikupate, au kuhepa jambo linalokuhusu. Unakwepa jiwe, unakwepa swali, unakwepa kodi. Kutoka hapo tunapata mkwepaji na ukwepaji.

KUEPUKA: kukaa mbali na jambo kabla halijakufikia. Halina lawama. Daktari anakwambia uepuke chumvi. Na ukimsaidia mwenzako akae mbali na balaa, UMEMWEPUSHA.

KUTEGEA: kuacha kazi makusudi ili wenzako wakubebee. Mnalima watu watano, mmoja kila dakika anakwenda kunywa maji. Huyo anategea.

KUKACHA: kutokwenda mahali ulipotarajiwa, kama kikao au darasa.

KUPIGA CHENGA: la mpirani, likaingia mtaani. Beki anapigwa chenga, na mwenye nyumba pia anapigwa chenga mwisho wa mwezi.

KUINGIA MITINI: kupotea kabisa, hasa ukiwa na hela za watu.

KUPONEA CHUPUCHUPU: hatari ilifika kabisa ila haikukupata.

KUTOROKA: kuondoka bila ruhusa mahali unapotakiwa uwepo. Mfungwa anatoroka jela, mwanafunzi anatoroka bweni. Anaitwa MTORO. Hili likumbukeni, tutalirudia.

3. MPAKANI, MGODINI NA MBUGANI

Pale Sirari tunapakana na Isebania ya Kenya, na kuna kituo cha pamoja cha forodha. Pembeni yake, kama kila mtu ajuavyo, kuna njia za panya. Anayepitisha mzigo wa magendo usiku ANAKWEPA ushuru, na hilo ni kosa. Lakini mfanyabiashara anayetumia msamaha ulioandikwa kwenye sheria yenyewe ANAEPUKA kodi, na hana kosa. Herufi chache tu, ila mmoja anaweza kwenda mahakamani na mwingine anakwenda zake nyumbani.

Hata wakubwa wanabishana hapo hapo. Mwaka 2017 kampuni ya Acacia, iliyokuwa inaendesha mgodi wa North Mara hapa Nyamongo, ilidaiwa na TRA kodi, riba na adhabu za dola bilioni 190 kuhusu migodi yake mingine ya Bulyanhulu na Buzwagi. Serikali ikasema ni ukwepaji, kampuni ikakana. Mwaka 2019 Barrick ikaichukua Acacia yote na kufikia makubaliano na serikali, ikiwemo malipo ya dola milioni 300.

Ukienda upande wa hifadhi, nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka Serengeti kila mwaka, na kati ya Julai na Oktoba wengi wanavuka Mto Mara huku mamba wakiwasubiri majini. Nyumbu akimkwepa mamba watalii wanapiga makofi. Hakuna anayemwita nyumbu mtoro.

4. DESEMBA

Sasa tufike kwenye lenyewe. Msimu mkubwa wa ukeketaji kwa Wakurya huwa ni Desemba, shule zikifungwa, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wanatangaza, ngariba wanajiandaa, zawadi zinanunuliwa. Msichana ambaye hajapita anaitwa omosagane, na jina hilo linatumika kumcheka. Kwa takwimu za serikali, mwaka 2015-16 asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa 2022 ukaonyesha asilimia 28. Imeshuka, ila bado ni zaidi ya mmoja kati ya wanne.

Kila msimu kuna wasichana wanaoondoka. Wengine wanatembea usiku, wengine wanapitia kwa mwalimu au dawati la jinsia la polisi. Tarime wanakimbilia Masanga, kituo cha ATFGM Masanga ambacho kimekuwa kikiwapokea tangu 2008. Serengeti kuna nyumba salama ya Mugumu, na Butiama kuna nyingine, chini ya shirika la Hope for Girls and Women la mama Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13. Msimu ukiisha, wazazi wanaitwa, mnakaa mnaongea, na binti anarudi nyumbani pale tu panapoonekana yuko salama.

Nyumbani huyu binti anaitwaje? Mtoro. Kadoji mila. Na hata vichwa vya habari vinafuata mkumbo: "wasichana watoroka nyumbani".

Hebu tulinganishe sentensi tatu. "Ametoroka nyumbani" inataja alipotoka tu, kwa hiyo msomaji anajiuliza kaharibu nini. "Amekimbia ukeketaji" inataja kinachomfukuza. "Amekimbilia Masanga" inataja anakopata usalama. Binti ni yule yule, usiku ni ule ule, lakini kwenye sentensi ya kwanza yeye ndiye mkosaji. Na mtu akishaitwa mtoro, kinachofuata ni kumtafuta ili arudishwe. Maneno yanatangulia, fimbo inafuata.

5. SASA NANI ANADOJI?

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A. Anayemlea mtoto chini ya miaka 18 akimkeketa au akasababisha akeketwe, adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote pamoja. Udhaifu wake unajulikana: mwenye miaka 18 na kuendelea hakutajwa. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2011, hawakuweka umri, na wamekataza pia kumvusha mtu mpaka kwa ajili hiyo.

Na hapo ndipo utawaona wadojaji wa kweli. Kuna wanaowavusha watoto kutoka Kuria ya Kenya kuja upande wetu, kwa sababu huku mkono wa sheria wanaona ni mwepesi. Kuna wanaofanya usiku badala ya mchana, au nje ya Desemba polisi wakiwa wametulia. Hao wanajua kabisa kwamba ni kosa, na wanasogea ili lisiwapate. Kwa Kiingereza ni dodge ya maana ya pili, ile ya Artful Dodger. Kwa Kiswahili ni WAKWEPA SHERIA.

Ukitaka kipimo rahisi, jiulize: kinachokwepwa ni WAJIBU au ni HATARI? Kikiwa ni wajibu, kama kazi, kodi, deni au sheria, basi sema kategea, kakwepa, kadoji, na lawama yake aibebe. Kikiwa ni hatari, basi sema kaepuka, kakimbia, kajiokoa. Kukatwa mwili siyo wajibu wa mtoto wa mtu. Wajibu hapo ni wa mzazi na wa mwenyekiti wa kijiji: KUMWEPUSHA. Wasipofanya hivyo, wao ndio wametegea.

6. WEWE ULIYEKAA MBELE YA KOMPYUTA

Moja ya shida za uokoaji ni kwamba vijiji vingi havikuwa kwenye ramani yoyote ya maana. Simu inapigwa usiku, "njooni haraka", na gari halijui barabara. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umekuwa ukitumia watu wa kujitolea kuchora nyumba na barabara kutoka kwenye picha za setelaiti, kupitia OpenStreetMap, na watu wa vijijini wanaongeza majina ya mahali. Kufungua akaunti ni bure. Saa moja ya kafe inatosha kuchora kijiji kidogo, na wewe mtoto wa Mara unayajua majina kuliko mzungu wa London.

Na namba ya kushika kichwani ni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo. Mdogo wako, jirani, binti wa darasani kwako, yeyote.

Kwa hiyo washkaji, kudoji kipindi cha hesabu endeleeni kuita kudoji, ni haki yenu, matokeo mtayaona wenyewe. Ila Desemba ikifika na binti wa jirani haonekani, usiseme kadoji. Sema kakimbia kisu.

Mnaonaje wadau? Na kwenu Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, mtu anayekwepa wajibu anaitwaje, na anayekimbia hatari anaitwaje? Mwageni maoni, ila matusi hapana.