Vijidoa Machoni: Kutoka Baghdad Hadi Bwera

Hapa Kasese na Bwera wazee hutuuliza kama vijidoa vinavyoelea machoni ni mwanzo wa upofu. Swali hili ni la kale. Hunayn bin Is-haq, tabibu wa Baghdad aliyefariki mwaka 873 (alikuwa Mkristo), alimfuata Galen wa Wagiriki: vijidoa huenda vikawa dalili ya mtoto wa jicho, na vingine vyatoka tumboni! Leo twajua ni vivuli vya nyuzinyuzi ndani ya ute wa jicho, nao ute hulegea kwa umri. Mara nyingi havidhuru. Lakini vikizuka vingi ghafla, pamoja na mimweko au kivuli kama pazia, huenda retina imechanika. Mzee apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, hata asiposikia maumivu, kwani retina huchanika bila kuuma.