Karunde, Binti wa Mtemi: Je, Aliulizwa?



Katika sura ya 24 ya kitabu cha Mwanzo tunasoma habari za posa. Mtumishi wa Ibrahimu amefika na ngamia na mapambo ya dhahabu. Baba na kaka wamekwisha kukubali, na zawadi zimekwisha kupokewa. Hata hivyo, asubuhi yake, kabla ya safari, Rebeka anaitwa na kuulizwa kama yu tayari kwenda. Juma hili tunawaalika kulishika swali hilo, huku tukitazama historia ya jirani zetu wa Unyanyembe.

Katikati ya karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Kazeh, yaani Tabora ya leo. Hapo alitawala Mtemi Fundikira, na mfanyabiashara aliyepita katika nchi yake alidaiwa hongo. Katika tawala nyingi za Unyamwezi na Usukuma za zamani, utemi ulirithiwa na mtoto wa dada wa mtemi. Basi dada wa mtemi alibeba kiti. Binti wa mtemi alibeba ujamaa. Kumwoza kwa mgeni hakukuhatarisha kiti, bali kulimgeuza mgeni kuwa mkwe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Karunde, binti wa Fundikira. Aliolewa na Muhammad bin Juma, mfanyabiashara Mwarabu, baba yake Hamed bin Muhammad, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Kwa ndoa hiyo mgeni alipata heshima ya mtu wa nyumbani, na mtemi akapata mshirika katika biashara ya pwani. Wanaume wote wawili walifaidika.

Je, daraja hilo lilidumu? Fundikira alifariki mwaka 1858, na Mnywa Sele akashika utemi. Alipowatoza kodi wafanyabiashara Waarabu, walimwondoa mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Vita ikaenea; Mwingereza Speke, aliyepita mwaka 1861, alijaribu kuwapatanisha asifaulu. Mwaka 1865 Mnywa Sele aliuawa. Ndoa ya Karunde haikuizuia damu kumwagika. Katika habari zote hizo Karunde anatajwa kama binti wa fulani na mke wa fulani. Mali imetajwa, vita imetajwa. Lakini neno lake mwenyewe hatulisikii.

Tusidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Afrika peke yake. Uswidi ya zamani, nchi ya Kikatoliki, iliishi vivyo hivyo. Mwaka 1316 Birger Persson, mwanasheria mkuu wa jimbo la Uppland, alimwoza binti yake Birgita kwa Ulf Gudmarsson, kijana wa ukoo mkubwa. Birgita alikuwa na miaka 13. Alizaa watoto wanane, akawa mjane mwaka 1344, akaenda Roma, akawahimiza Mapapa waliokaa Avignon warudi kwenye kiti cha Petro. Mwaka 1391 alitangazwa Mtakatifu. Lakini tuwe waangalifu: utakatifu wake ni kazi ya neema ya Mungu, si sifa ya ndoa za utotoni.

Kanisa lilikuwa limekwisha kusema. Mwaka 866 Papa Nikolai wa Kwanza aliwaandikia Wabulgaria kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wanaooana. Ikikosekana hiyo, sherehe yote ni bure. Mafundisho hayo yamo katika Sheria ya Kanisa hadi leo: kanuni ya 1057 inasema hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kutoa ridhaa hiyo badala yao, na kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa shuruti au hofu kubwa ni batili. Nayo Mahakama Kuu ya nchi yetu, mwaka 2016, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuozwa akiwa na miaka 14 au 15 vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Ndugu zetu wa Kagongwa, mpunga ukishavunwa na ng'ombe wakishahesabiwa, ni rahisi mzazi kuona kwamba mambo yamekwisha. Mahari ni heshima, na ujamaa wa koo mbili ni baraka, hatuvipingi. Lakini kabla ya kutangaza ndoa kanisani, tunamwita binti peke yake, baba akingoja nje, na kumwuliza kama anakuja kwa hiari yake. Wazazi wengine huliona swali hilo kuwa desturi tu ya ofisi ya parokia. Sivyo. Ndilo swali aliloulizwa Rebeka. Basi mzazi asingoje Padre aliulize. Aliulize yeye kwanza, nyumbani, kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia zizini, na awe tayari kulipokea jibu la "hapana".