Blondi na Mstari wa Wiki ya Sita

Blondi angavu imerudi saluni, ile ya kublichi kuanzia ngozini hadi nchani, na sisi tunaokula kwa kushika vichwa vya watu tumeipokea kwa vigelegele. Kwa miaka mingi wateja walikuwa wakitaka balayage: unapaka rangi kwa brashi kuanzia katikati ya nywele, juu unapaacha na weusi wake, mtu anaondoka na humuoni tena mpaka nusu mwaka. Rangi ya mvivu hiyo, nasema kwa mapenzi. Blondi ya sasa haina huruma. Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, na weusi ukishachomoza kwenye njia ya nywele, hata abiria aliyesimama nyuma yako kwenye basi anauona.

Mimi nilijifunzia kazi Kariakoo, kwenye dawa za kunyoosha nywele na rasta, kabla sijaja London kushika blichi. Kule kwetu rasta za manjano tulizinunua kwenye pakiti zikiwa tayari, tukazisuka. Aliyethubutu kupaka blichi juu ya nywele zenye dawa alirudi nyumbani na kitambaa kichwani. Kwa hiyo blondi, mpya au ya kale, huitazama kifundi: nani alikuwa na muda wa kukaa, na nani alisimama nyuma yake.

Venice ya karne ya 16, jua lenyewe lilikuwa saluni. Wanawake walipanda kwenye jukwaa la mbao juu ya paa, altana, mchana wa jua kali. Walivaa solana, kofia ya majani yenye ukingo mpana lakini haina utosi. Nywele zilipitishwa kwenye tundu zikatandazwa juu ya ukingo, uso ukabaki kivulini. Walizilowesha kwa sponji iliyofungwa kwenye kijiti, jua likakausha, wakalowesha tena. Cesare Vecellio alimchora mmoja wao katika kitabu chake cha mavazi cha mwaka 1590. Muuza samaki hawezi kukaa hivyo mchana kutwa.

Kemia ilikuja kuufupisha mchana huo. Mfaransa Louis Jacques Thénard aligundua haidrojeni peroksaidi mwaka 1818, na kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1867 ikaonyeshwa kama dawa ya kung'arisha nywele. Hadi leo ndiyo tunayochanganya kwenye bakuli.

Lakini aliyewafanya wanawake wa kawaida waitamani blondi ni mwigizaji Jean Harlow. Mtengeneza filamu Howard Hughes alimpa nafasi kwenye Hell's Angels, iliyotoka mwaka 1930, na mwaka uliofuata ikatoka Platinum Blonde. Filamu hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe. Chini ya taa za studio nywele zile ziliwaka kuliko kitu kingine chochote kwenye picha. Harlow alikana kwamba anazipaka chochote. Inasemekana kila wiki zilipakwa mchanganyiko wa amonia, blichi ya kufulia na sabuni ya Lux. Blichi ya kufulia, jamani, kwenye utosi wa mtu! Alifariki 1937 akiwa na miaka 26, na mpaka leo wapo wanaosema nywele ndizo zilizomuua. Si kweli, ni figo zilizoshindwa. Ila nywele zenyewe ziliumia, na hilo fundi yeyote angelitabiri.

Mwaka 1956 kampuni ya Clairol ikatoa rangi ya kupaka nyumbani kwa hatua moja. Tangazo lake, lililoandikwa na Shirley Polykoff, liliuliza kama huyu bibie anapaka au hapaki, kisha likajibu kwamba mwenye hakika ni msusi wake tu. Hapo huwa nacheka: wanauza boksi la kumkwepa msusi, huku wakimsifu kwa kutunza siri. Na kisogo chako mwenyewe hukifikii vizuri. Debbie Harry wa bendi ya Blondie amewahi kueleza kwamba weusi wake wa nyuma ulitokana na hilo hilo, mkono haukufika.

Wateja huniuliza kwa nini nawahimiza warudi wiki ya sita, kana kwamba nawawinda. Joto la ngozi huharakisha blichi. Nywele mpya zikiwa fupi, zote zinalipata joto hilo na kung'aa kwa pamoja: zinapita wekundu, rangi ya chungwa, manjano, mpaka manjano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi, ndipo naweka tona ya zambarau kuua umanjano uliobaki. Ukichelewa, zilizo karibu na ngozi zinawahi, za juu yake zinabaki na rangi ya chungwa, na nina mistari ya kurekebisha kutwa nzima.

Mwaka 2020, saluni za Uingereza zilipofungwa kuanzia Machi hadi Julai, weusi uliota kwa wote na wengi waliuzoea. Hawa wanaorudi sasa wanakuja na imani ya Olaplex, iliyoingia sokoni 2014 kulinda nywele ndani ya blichi. Inasaidia, ila haifuti kalenda. Akija mtu akaniuliza kama anaweza kupumzika miezi minne, sibishani naye. Namfungulia ukurasa wa balayage.